Ufa wa Vidole Viwili

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025. Asubuhi kulikuwa na ubaridi kidogo na upepo kutoka upande wa Tana. Mawingu yalikuwa membamba, bila dalili ya mvua, na kufikia saa tatu jua lilikuwa limeanza kuchoma.

Mwalimu Gakenia ametufundisha kuanza hivyo kila tunapoandika jambo tuliloliona kwa macho yetu. Anasema ukianza na tarehe na hali ya hewa, mkono unazoea kusema kweli kabla haujafika kwenye mambo magumu.

Mimi naitwa Mutanu, mjane wa Ndeti. Nina miaka hamsini na sita, naishi karibu na Zombe, na kwa miaka ishirini na miwili nimekula kwa kupasua mawe. Jabali letu halipasuliwi kwa nguvu tu. Unatafuta mwamba ambao tabaka lake la juu limeanza kuachana na la chini, kama ganda la kitunguu. Unapanga kuni juu yake, unawasha asubuhi, unaacha moto uwake mpaka jiwe lilie. Likilia, unasikia mlio kama mlango uliobamizwa mbali, na hapo unajua limeachia. Nyundo ndiyo kazi ya mwisho. Kazi yenyewe ni kuchagua jiwe. Ukichagua vibaya unamaliza kuni za wiki nzima na jiwe linabaki linakutazama tu.

Mimi sikosei sana. Wapasuaji hunitafuta hata kutoka mbali. "Mwaitu," husema, yaani mama, "njoo utuonyeshe," na mimi huenda, natembea juu ya mwamba, nagonga kwa kisigino, nasema hili au hili.

Ndiyo maana Jumapili moja ya Januari mchungaji aliniuliza mbele ya kanisa zima kama nimeliona jiwe la msingi wetu. Tunasali ndani ya mabati, na tulikuwa tumeamua kujenga ukuta wa mawe. Msingi ulitakiwa umwagwe kabla ya mvua za Machi. Nikasimama nikasema nimeliona, juu ya kilima cha Mgongo wa Ng'ombe, na kwamba sijaona jiwe zuri kama lile tangu niolewe. Watu wakapiga makofi. Kiilu, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akapanga moto uwashwe Jumamosi tarehe 15 Februari.

Basi Jumatatu ile nilipanda kilimani kuupima ufa wa jiwe, nikiwa na rula yangu ya darasani. Nililala kifudifudi, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Jicho likanitazama.

Nilidhani ni nyoka, nikarudi nyuma mbio. Nilipokuja tena taratibu, niliona kichwa kidogo cha kobe, lakini kobe mwenyewe hakuwa na mgongo. Kobe tunayemjua sisi, ambaye kwa Kikamba tunamwita ngu, ni kama sufuria iliyofunikwa. Huyu alikuwa bapa kama chapati. Nilingoja. Jua lilipofika kwenye mdomo wa ufa akatoka kuota joto, nikamshika. Gamba lake lilibonyea kidogo chini ya kidole changu. Nikajua amekanyagwa, maskini, na yuko karibu kufa. Nikamweka chini, nikaweka mkono juu yake, nikamwombea.

Kabla sijasema amina alikimbia. Nimeishi miaka yote hii na sijawahi kuona kobe akikimbia. Aliingia ufani kama barua inavyoingia chini ya mlango, na nilipomgusa kwa ncha ya rula akajikaza huko ndani, asitoke tena.

Jumatano jioni nilimweleza Mwalimu darasani. Darasa letu la ngumbaru, yaani la watu wazima, hukaa katika shule ya msingi kuanzia saa kumi na moja, wanafunzi tisa, wengi wetu magoti yamegoma kuingia chini ya madawati. Mwalimu Gakenia ni mtu wa Murang'a aliyeolewa na mwenye duka hapa Zombe, naye ana umri wa binti yangu.

"Alikuwa mgonjwa?" akauliza.

"Nilifikiri hivyo. Lakini mgonjwa gani anakimbia namna ile?"

"Umemwombea, akapona hapo hapo," akasema Mumbua, ambaye ni jirani yangu na hukaa nami dawati moja. "Mchungaji asikusikie, atakupa zamu ya wagonjwa."

Darasa likacheka. Mwalimu akatoa simu yake, akatafuta, kisha akatuonyesha picha. Alikuwa yule yule. Akatusomea polepole, akieleza kila sentensi. Kobe huyo amezaliwa bapa, na gamba lake ni laini ili aweze kujibana ndani ya nyufa za mawe. Kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja. Hapatikani duniani isipokuwa Kenya, Tanzania na pembe ndogo ya Zambia, na idadi yake inapungua sana kwa sababu watu wanamkamata kumuuza nje na kwa sababu mawe yake yanavunjwa.

"Kule Mwingi kuna watu walishikwa na gunia zima," akasema Mumbua. "Nilisikia sokoni. Nikasema, watu wamekosa kuku wa kuiba?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. "Mwalimu, rudia hapo. Yai moja?"

"Moja, Mama Mutanu. Kuku wako hutaga mayai mengi kwa siku tatu kuliko huyu kwa msimu."

Niliomba usiku ule kabla ya kulala, kama ninavyoomba kila siku, na nikapata wazo ambalo nilidhani limetoka juu. Nitawahamisha. Mbuzi wakiwa mahali pabaya unawahamisha. Kobe ana tofauti gani? Jiwe litaungua likiwa tupu, kanisa litapata msingi, na kobe watapata nyumba nyingine. Niliona jinsi kila kitu kinavyokaa sawa, nikamshukuru Mungu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na Mumbua. Tulikaa kimya tangu jua kuchomoza, na walitoka watatu, mmoja baada ya mwingine. Tuliwaweka ndani ya kyondo, kikapu changu cha kusuka. Nilitaka kujua nani ni nani, na Mumbua, ambaye huuza vipodozi siku ya soko, akatoa chupa ya rangi ya kucha nyekundu.

"Nishikie huyu," akasema. "Mbona anatikisa miguu? Bibi harusi gani asiyetulia?"

Tuliwatia alama mgongoni: wa kwanza nukta moja, wa pili mbili, wa tatu tatu. Kisha tukavuka njia ya pikipiki hadi mwamba mwingine, mwendo wa kama viwanja vitatu vya mpira. Kule kulikuwa na ufa mpana, wenye kivuli na hewa nzuri. Ningependa kukaa humo mwenyewe. Tukawaachia, wakaingia.

Jumamosi nilikuta wawili. Jumapili baada ya ibada nilikuta mmoja. Jumatatu sikukuta hata mmoja.

Sasa hapo ndipo swali liliponishika, likakataa kuniachia. Kwa nini mtu akupe nyumba kubwa, yenye kivuli, uikimbie? Nilichukua rula. Ufa ule mpana ulikuwa na sentimita kumi na tano. Mkono wangu wote uliingia, na mkono wa nyani ungeingia pia, na mdomo wa fisi. Mule ndani kobe asingeweza kujibana popote. Angekaa kama sahani mezani. Ufa wa jiwe letu la kanisa ulikuwa sentimita nne mdomoni, yaani vidole vyangu viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine, na ulizidi kuwa mwembamba kuelekea ndani.

Nikaamua kupima yote. Siku tatu nilizunguka kilima kizima na daftari. Nilipima mawe arobaini na moja. Mengi hayakuwa na ufa wowote, yalikuwa mazima kama yai. Mengine yalikuwa na nyufa za kuingiza ndoo. Yenye ufa wa vidole viwili yalikuwa manne tu. Matatu kati ya hayo yalikuwa na dalili za kobe: mavi yao madogo yenye nyasi, na katika moja nilimwona mwenyewe amejibana huko nyuma, asiye na alama, ananitazama.

Niliketi juu ya jiwe la nne nikayatazama majina niliyoyaandika. Kwa sababu mawe yote manne yalikuwa na majina. Nilikuwa nimeyapa majina miaka iliyopita, kichwani mwangu, katika orodha yangu ya mawe ya kuchoma. Yalikuwa mawe manne mazuri kuliko yote. Jiwe lenye ufa mwembamba chini ya tabaka lake ndilo linaloachia haraka, kwa kuni chache. Kile ambacho kisigino changu kimekuwa kikitafuta kwa miaka ishirini na miwili ndicho alichokuwa akikitafuta yule kobe. Tulikuwa tunachagua mawe yale yale, mimi na yeye, na mimi ndiye niliyekuwa na moto.

Hapo nikakumbuka kitu. Tukizoa majivu baada ya moto, mara kwa mara tulikuta vipande vyeusi, vyembamba, vilivyopinda kidogo. Siku zote tulisema ni vibuyu vya warina asali wa zamani, waliokuwa wakivificha mle maweni. Tuliwahi hata kuwasifu wazee wale kwa kuficha vibuyu vingi hivyo.

Havikuwa vibuyu.

Unaweza kuuliza kwa nini sikwenda kwa Kiilu siku ile ile. Nitasema ukweli. Nilikuwa nimesema mbele ya kanisa kwamba jiwe ni hilo. Neno langu kuhusu mawe halijawahi kurudi nyuma. Nikajiambia kwamba kobe wale watatu wamekwenda kwao kwingine, na jiwe la kanisa sasa ni tupu, kwa hiyo acha tuchome hili moja tu. Niliomba, lakini naona sasa nilikuwa naomba Mungu alimalize jambo bila mimi kufungua mdomo.

Ijumaa, nikitoka kuteka maji, nilimkuta mmoja kwenye njia ya pikipiki. Gurudumu lilikuwa limempitia. Gamba lilikuwa limepasuka, sisimizi wameshafika, na nukta tatu nyekundu zilikuwa bado zinang'aa. Kichwa chake kilielekea Mgongo wa Ng'ombe. Nilimchimbia shimo kando ya njia, na mkono uliomchimbia ndio ule ule uliomshika akipakwa rangi.

Jumamosi nilifika kilimani kabla ya wote. Kuni zilikuwa zimepangwa tangu Alhamisi, rundo linalonifika kifuani, zimefunika jiwe hadi mdomo wa ufa. Nilivuta magogo mawili pembeni, nikalala chini, nikamulika.

Nukta moja. Nyuma yake, amejibana kabisa mahali ambapo mwamba unakutana na mwamba, nukta mbili.

Walikuwa wamerudi. Walivuka njia, wakapanda kilima, wakapita chini ya kuni zetu, wakaingia kwao.

Nilikuwa bado nimelala pale niliposikia sauti. Walikuja watu kama kumi na wanane, akina mama wakiwa na mitungi ya maji na uji, wanaume na nyundo, na Kiilu mbele na kiberiti mkononi.

"Dada Mutanu umelala kazini mapema hivi!" akasema Kiilu. "Amka utuombee, jua linapanda."

Kwetu moto wa jiwe hauwashwi bila maombi, na anayeomba ni yule aliyechagua jiwe. Watu wakavua kofia, wakafumba macho. Nami nikasimama mbele yao. Nilifungua mdomo nikasema, "Baba wa mbinguni," nikakwama. Nimeomba kwenye misiba, nimeomba kwenye njaa, sijawahi kukosa neno. Lakini ningemwambia nini? Abariki moto huu, na yeye ndiye aliyewapa wale gamba laini ili waingie humo?

Mtu akakohoa. Mumbua akafumbua jicho moja.

"Mutanu wee," akanong'ona. "Umesahau njia?"

"Siwezi," nikasema kwa sauti. "Siwezi kuliombea jiwe hili. Kuna wenyewe ndani."

Kiilu akacheka kwanza. "Wenyewe gani? Majini?"

"Kobe. Njoo utazame."

"Nilale chini na hii suti ya kazi?"

"Ndugu Kiilu, hiyo suti ina viraka saba. Lala."

Watu wakaguna kwa kicheko. Kiilu ni mtu mnene, na kulala kwake kulichukua muda. Nilimpa simu yangu. Alitazama, akasogea karibu zaidi mpaka kofia yake ikagusa jiwe.

"Mbona wamepakwa rangi?" akauliza kutoka chini.

Nikawaeleza yote, kuanzia rula hadi ile rangi ya kucha. Mumbua akasema, "Ni kweli, chupa ilikuwa yangu," na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. Nikawaeleza kuhusu yule wa njiani. Nikawaeleza kuhusu mawe arobaini na moja na yale manne. Nilipofika kwenye vibuyu vya warina asali, mzee Nyamai, aliyepasua mawe kabla yangu, aliweka nyundo yake chini.

"Mimi nimevitupa vingi," akasema. "Vingi sana."

Walipanga foleni kutazama, mmoja mmoja, kila mtu akilala pale alipolala mwenzake. Hakuna aliyetumwa kufanya hivyo. Walitaka tu kuona. Mama mmoja aliuliza wanakunywa maji wapi, na sikujua. Mwingine aliuliza wanaishi miaka mingapi, na hilo pia sikulijua. Nikasema nitamuuliza Mwalimu.

Kiilu alikuwa amesimama, anajipangusa magoti. "Sawa. Tumewaona. Tuwatoe, tuwapeleke mbali zaidi. Tuwapeleke hata Makindu."

"Nilishawatoa. Walirudi kufa."

"Basi kanisa tulijenge kwa nini? Kwa ugali? Mvua iko wiki tano kutoka leo. Wewe mwenyewe ulisimama ukasema jiwe ni hili, tukapiga makofi. Sasa unasema si hili. Kesho utasema nini?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa akiuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo, na lilinichoma kwa sababu lilikuwa la haki.

"Kuna mawe chini kwenye korongo," nikasema. "Mazima, hayana ufa. Nimeyapima."

"Mazima!" akasema mzee Nyamai. "Mutanu, jiwe zima halisikii moto. Hilo ni la patasi na kabari, shimo kwa shimo. Tutafika Pasaka tukiwa bado tunagonga."

"Najua."

"Na bega lako?"

Bega langu la kulia liliharibika miaka minne iliyopita. Ndiyo maana siku hizi nachagua tu, wengine wanagonga. Kila mtu pale alilijua bega langu. Nililishika bila kufikiri.

"Mvua itatukuta bila msingi," akasema Kiilu, sasa kwa sauti ya chini. "Tutasali ndani ya mabati msimu mwingine, maji yakiingia. Na hata tukikubali sisi, Dada, wapasuaji wengine watakuja. Sisi wa kanisa tutaondoka hapa, na wiki ijayo atakuja mtu wa lori na vijana wake na kiberiti."

"Watakuja," nikasema, "na wataniita mimi niwaonyeshe jiwe."

Hapo alinitazama. Nafikiri aliliona jambo lile wakati ule ule nilipoliona mimi. Kilima kizima, na vilima vya huko mbali, kisigino kinachogonga ni changu. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakiwapeleka.

"Usiniambie mimi peke yangu," akasema Kiilu. Akageuka, akawaita waliokuwa bado wanachungulia ufani wasogee. "Njooni hapa wote. Dada yetu ana neno, na nataka aliseme hapa, kila mtu asikie, ili Jumapili kanisa likiniuliza jiwe liko wapi, niwe na mashahidi."

Wakaja, wakasimama mduara kuzunguka kuni. Nilivua kitambaa kichwani kama mtu anayetaka kusikika vizuri, na nilisema polepole, maana nilitaka kila neno lijisimamie.

"Mimi Mutanu, mjane wa Ndeti, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Kesho nitasimama kanisani niseme nilichagua vibaya. Jumatatu nitashuka korongoni na patasi, nigonge na bega hili hili mpaka msingi utoshe, hata ikipita Pasaka, na atakayetaka kunisaidia aje. Na tangu leo, anayeniita kumwonyesha jiwe, awe wa kanisa, awe wa lori, awe mtoto wangu wa kumzaa, nitalala chini kwanza nichungulie. Ufa ukiwa wa vidole viwili, sitaonyesha. Nitasema hapa pana wenyewe, na nitakaa juu ya hilo jiwe mpaka aende zake na kiberiti chake."